Maji Yaliyokataliwa na Pilipili Hoho

Usiku wa kuamkia leo nimeota maji ya kisima changu yamekuja kubisha hodi, yamejitanda kanga, yanataka niyasindikize kwa mizizi. Sikushangaa. Nikavaa viatu.

Mimi, Mize binti Pandu, si mtu wa kushangazwa na maji. Nani mwengine huku kusini ya Unguja analima pilipili hoho bila hata konzi ya udongo? Viroba vyangu nimevijaza usumba wa makumbi ya nazi, yale aliyoyaacha marehemu mama mkwe, msokota kamba, aliyeyafukia pwani na kuyatwanga kwa mikono yake. Mie nikayaosha mpaka chumvi ikasalimu amri. Watu wakipita uani kwangu husimama kutazama, na mie huwaacha watazame.

Ila wiki hii hoho zimegeuka manjano. Na wifi yangu Mkasi, ambaye ulimi wake ni kisu cha kuparia samaki, kanambia mbele za watu: "Wifi, Alhamisi naja na fundi. Ukinionesha ulipokosea, nakuacha na viroba vyako. Usiponionesha, hapa najenga banda la kuku. Uwanja huu wa mama, si wa maonesho."

Alhamisi ndiyo leo. Nililala na donge rohoni.

Basi tunatoka, mimi na maji. Jikoni kwangu kumekuwa pwani, bahari imekupwa, na katikati ya mchanga umesimama mlango mwembamba usio na nyumba. Mlangoni ameketi Kumbi, kumbi la nazi zima zima, anajisokota mwenyewe kuwa kamba juu ya paja ambalo hana.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Maji yako pH yake ngapi?"

Hilo nalijua hata usingizini. pH ndiyo inayosema maji ni makali au mapole: ikishuka makali, ikipanda mapole kupita kiasi. "Saba na nusu na ushei," nasema.

"Manene hayo," anasema Kumbi. "Mlango wa mizizi upana wake sita. Yakizidi sana hayapiti. Yakipungua sana, mlango unashtuka unajifunga. Jaribu uone."

Maji yanajaribu kupita kiubavu, yanakwama kiunoni, yananitazama kana kwamba mie ndiye niliyeyanenepesha.

Natoa chupa ya asidi kibindoni. Tone moja, tone jingine. Maji yanakonda mpaka kanga inayapwaya. Kikalamu changu cha kupimia, ambacho kimekaa nyuma ya sikio langu na kimevaa kofia ya viua, kinatangaza kama mtangazaji wa mpira: "Sita! Sita kamili!"

"Umeona?" namwambia Kumbi. "Hiyo ndiyo kazi ya Mize."

"Mgema akisifiwa..." anasema Kumbi, wala hamalizii.

Maji yanaanza kupita. Mguu mmoja umeshaingia ndani, ndipo anapotokea Mbolea, mbio, amechelewa, vifurushi kwapani. "Ningojeni! Mie ndiye chakula!" Anarukia mgongoni kwa maji. Maji yanasinyaa pale pale. Kikalamu kinavua kofia. "Hata tano haifiki," kinanong'ona, sauti ya mtu aliyeleta habari za msiba.

Mlango unajifunga pwaa!

Ndani nazisikia hoho zangu zinalia njaa. Chakula kiko kizingitini, harufu yake zinaipata, na haziwezi kukigusa. Roho iliniuma jamani. Hoho zile nimezilea tangu mbegu.

"Nifungulie," nasema.

"Sifungui."

"Nimepima mimi!"

"Umepima lini?"

"Kabla ya mbolea. Siku zote napima kabla ya mbolea."

Kumbi anaacha kujisokota. Pwani inarudi kuwa jiko langu, na motoni unachemka mchuzi wa pweza. Ananipa upawa. "Onja chumvi."

Haki ya Mungu nilicheka. "Nionje nini, na tui bado halijaingia? Mpishi gani huyo anayeonja chumvi kabla ya tui? Tui likiingia ladha yote inageuka! Mie huitwa kupika kwenye arusi za watu, usinifundishe mchuzi."

Maji yananitazama. Mbolea ananitazama. Hata pweza ananitazama, kutoka ndani ya chungu.

"Alaa," nasema.

"Alaa," anasema pweza.

Nakwenda kuteka maji mapya kwa kifuu. Kazi inachukua muda, maana wadudu chungu wamejaa humo wanaogelea bahari yao, na kila mmoja hataki kutoka mpaka aombwe radhi. Nawaomba radhi wote. Kisha namtia Mbolea kwanza, nakoroga mpaka anatulia. Ndipo natia asidi. Tone, napima. Tone, napima. Safari hii inatakiwa kidogo tu.

"Sita," kinasema kikalamu, bila makelele.

Maji na Mbolea wanapita mlangoni wameshikana mikono, hata fremu hawaigusi. Ndani kilio kinakatika. Nasikia kutafuna. Niacheni nijisifu: arusi zote nilizopika, sijapata kusikia watu wanakula vizuri vile.

"Sasa jisifu," anasema Kumbi. "Ila wewe msahaulifu, Mize." Ananyofoa uzi wa usumba ubavuni mwake, ananifunga kidole cha mwisho. Anauzungusha, anaupenyeza, ncha yake anaificha ndani ya fundo, kisha analibana kwa meno. "Tui kwanza," ananambia.

Nikaamshwa na hodi. Wifi Mkasi huyo, na fundi nyuma yake, jembe begani.

"Haya, wifi. Umejua ulipokosea, au fundi achimbe?"

"Nimejua," nikasema. "Nilikuwa naonja chumvi kabla ya tui." Nikamweleza yote: mbolea ndiyo inayotangulia, asidi inafuata, na kipimo cha kuamini ni cha mwisho. Nikaeleza kwa mikono miwili, kama kawaida yangu.

Katikati ya maneno akanidaka mkono. Kidoleni kwangu palikuwa na uzi wa usumba. Akaugeuza huku na huku, anatafuta ncha, haioni.

"Nani kakufunga fundo hili?"

"Kwani lina nini?"

"Fundo la mama hili." Akalipapasa kwa dole gumba. "Ndivyo alivyokuwa akimalizia kamba zake. Hakuna mwengine aliyelijua. Mie mwanawe nilimuomba anifundishe, akafa hajanifundisha."

Nilikinyanyua kidole juu, wakione vizuri, yeye na fundi wake.

Mkasi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Fundi, weka jembe," akasema. Kisha akainama akaokota ndoo yangu.

"Haya, wifi. Mbolea iko wapi?"