Mtihani wa Jumatano

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, Dada Dakika alikwenda kwa mama yake kufanyiwa mtihani. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kitambulisho cha taasisi shingoni, watu laki mbili wanamfuata mtandaoni, na bado alikaa mbele ya mama yake roho juu, simu mkononi. Wacheni kucheka. Yule mama hakuwa mtu wa kumbembeleza.

Jina la Dada Dakika alipewa na watazamaji, kwa sababu video zake hazikuzidi dakika moja. Kazi yake ilikuwa kuchukua tafiti za akili bandia, zile kurasa arobaini ambazo hata aliyeziandika akizisoma anapiga miayo, na kuzigeuza maneno ambayo mtu anaweza kuyasikiliza huku anaosha vyombo. Walikuwa wawili tu. Yeye aliandika na kusimama mbele ya kamera. Kupiga picha na kuhariri ilikuwa kazi ya Kobe, bwana mmoja mpole aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuharakishwa na kiumbe chochote. Ofisi yao, ghorofa ya pili ya taasisi, zamani ilikuwa stoo ya karatasi. Walikuwa wamebandika vipande vya godoro kuukuu ukutani ili sauti isitoe mwangwi, na mlangoni waliweka tangazo: TUNAREKODI, USIGONGE. Kila mtu aligonga.

Mtihani wenyewe ulianza na video ya kwanza kabisa. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwa miaka thelathini na moja, aliitazama mpaka mwisho, akasema, "Umependeza, mwanangu. Sasa umesema nini?" Dada Dakika aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo akaweka sheria. Mama anaiona video mara moja tu, simu inalazwa kifudifudi juu ya meza ya cherehani, halafu mama anaisimulia kwa maneno yake mwenyewe huku anarekodiwa. Akiweza, anagonga meza na kusema, "Hii imepita. Itoe." Asipoweza, kazi inaanza upya, na hakuna cha kubishana.

Na mama alikuwa anasimulia, jamani! Kuna video ya jinsi mashine inavyojifunza kutokana na makosa yake. Dada Dakika alikuwa ameihangaikia wiki nzima, ana michoro, ana mishale. Mama akaitazama, akasema, "Kumbe ni kama mtu ninayemfundisha kushona. Anaunga mkono wa shati, namwambia umekosea inchi mbili. Anafumua, anaunga tena, namwambia inchi moja. Mwisho anapatia. Ila mashine haina roho ya kununa." Kobe aliposikia rekodi hiyo alicheka akashika meza. Michoro yote wakaitupa, wakatengeneza video nyingine ya mkono wa shati, na maprofesa wawili wakaomba ruhusa ya kuitumia darasani.

Wakaenda hivyo miaka mitatu. Rekodi zikafika mia moja na kumi na nne, na Dada Dakika alizihifadhi zote, kila moja na tarehe yake.

Katika mwaka huo wa tatu ndipo alipoanza kufeli.

Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Mama anatazama, anavua miwani, anasema, "Hii haikunikaa. Umejaza mambo." Basi mtoto wa watu anarudi ofisini, anapunguza. Hoja nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili. Mama bado. "Unakimbia, mwanangu, unafukuzwa na nani?" Akapunguza mwendo. Akaondoa tarakimu, akaondoa majina ya watafiti. Ikafika mahali video nzima ina jambo moja tu, linasemwa mara mbili, na hilo nalo mama analipata kwa kusukumwasukumwa.

Kobe alivumilia mpaka akachoka. "Dada, siku hizi tunawafundisha chekechea?"

"Mama hajaelewa."

"Mimi nimeelewa kabla hujafungua mdomo."

"Wewe si mama."

Watazamaji nao hawakumwonea huruma. Mmoja aliandika, Dada Dakika, kwani siku hizi unatuona watoto? Mwingine akaandika, Kipaji kimeisha. Hilo la pili lilimkaa rohoni siku tatu, chakula hakipiti. Akajiambia labda ni kweli, labda ameishiwa. Akanunua daftari jipya, akaanza kujifunza kuandika kama mtu aliyeajiriwa jana. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa na uhakika nacho hapa duniani: mama akishindwa kusimulia, kosa ni la video. Hakuwaza vingine hata siku moja, na mimi sielewi mtu mwenye akili zake anawezaje, ila ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo akaja mtafiti wa ghorofa ya nne, mwanamke mwembamba anayeongea polepole. Alikuwa anafundisha mashine kusikiliza wazee wanavyoongea na kuona dalili za mapema za ugonjwa wa kusahau. Mashine hiyo haijali mtu anasema nini, alieleza. Inahesabu anasita mara ngapi, anarudia nini, na vitu vinavyopotea majina mdomoni mwake. Alitaka video ya dakika moja. Rekodi za wagonjwa hakuweza kuzitoa, ni siri zao.

"Nitafutie mzee asiye na tatizo," alisema, "mwenye rekodi za muda mrefu. Tuwaonyeshe watu mstari wa mtu mzima wa afya unavyokwenda, bila kushuka."

Dada Dakika alivimba kichwa. "Ninaye. Tena rekodi mia na kumi na nne."

Alimwomba mama ruhusa kwa simu. Mama akajibu, "Chukua. Kwani sauti yangu inalipiwa kodi?" Wakacheka wote wawili.

Siku mbili baadaye mtafiti alirudi, na safari hii aligonga mlango taratibu. Hakukaa. Kompyuta aliikumbatia kifuani.

"Hizi rekodi ni za nani?"

"Za mama yangu. Vipi, hazisikiki?"

Mtafiti alimtazama Kobe, na Kobe, ambaye hana haraka maisha yake yote, akainuka mara moja akatoka nje. Mtafiti akafungua kompyuta, akamgeuzia Dada Dakika.

Mstari ulikuwa umenyooka miaka miwili. Halafu ulianza kushuka, taratibu, kisha kwa kasi, mpaka rekodi ya wiki iliyopita. Mtafiti alisema yote yanayopaswa kusemwa: kwamba huu ni utafiti tu, mashine haimpimi mtu, inaweza kukosea, mama anaweza kuwa hasikii vizuri au ana upungufu wa kitu mwilini. "Mpeleke kwa daktari," akasema. "Usingoje." Dada Dakika aliitikia kwa kichwa kila neno, na hakusikia hata moja.

Alipobaki peke yake alivaa vipokea sauti, akazisikiliza rekodi kwa kufuatana. Mwaka wa kwanza mama anataja vitu vyake: bobini, pindo, kola, tepu, mkasi wa kukatia vitambaa vizito. Mwaka wa pili vipo. Katika mwaka wa tatu bobini imekuwa "kile kidude cha uzi". Kisha mkasi umekuwa "kile cha kukatia". Kisha kila kitu ni kile kitu, na katikati kuna ukimya, ukimya mrefu, na ndani ya ukimya ule inaingia sauti nyingine, changamfu, yenye haraka zake.

"Mashine, mama?"

"Ehe, hiyo hiyo."

"Inajifunza, siyo?"

"Ndiyo hivyo. Inajifunza."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kwa mwaka mzima alikuwa anamtilia mama maneno mdomoni, anacheka, anamwambia, "Umechoka leo, eh?" kisha anarudi ofisini kulaumu kalamu yake. Alivua vile vidude masikioni, akaweka uso juu ya meza, akalia kwa sauti, na wale waliozoea kugonga mlango siku hiyo hawakugonga.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Alimpa mama karatasi achore saa, akampa maneno matatu ayakumbuke, akaagiza damu ipimwe na kichwa kipigwe picha. Majibu yalipotoka alisema ni ugonjwa wenyewe, na haukuanza jana. Dawa ipo ya kupunguza makali. Ya kurudisha kilichokwenda hakuna. "Mngekuja mapema," akasema, "mngekuwa na muda wa kupanga mambo naye akiwa bado na nguvu ya kuamua." Hakusema kwa ubaya. Dada Dakika alitamani angesema kwa ubaya.

Kobe alimwambia, "Hii tuiache, dada. Tutafute utafiti mwingine, wa mahindi, wa mvua, wowote." Mtafiti naye alisema hadai video. Lakini asubuhi moja mama aliamka akili zimetulia, maana daktari alishasema zipo siku nzuri, na Dada Dakika akamweleza kila kitu, bila kuficha, kisha akamuuliza kama sauti yake itumike.

Mama alipapasa gurudumu la cherehani. "Naogopa, mwanangu," alisema. "Naogopa sana. Kuna siku naikalia hii mashine, mguu unajua kazi yake, mkono unajua, mimi ndiye sijui." Akavuta pumzi. "Iweke. Kuna mtu na mama yake huko. Iweke, lakini isitoke mpaka niipitishe. Sheria ni sheria."

Jumatano iliyofuata Dada Dakika alifika na video. Ilikuwa sekunde hamsini na nane, hoja nne, na tarakimu zake zote. Safari hii hakupunguza kitu. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya sauti ya mama, cha mwaka wa kwanza na cha juzi, bila jina. Mama alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho. Simu ikalazwa kifudifudi juu ya meza. Dada Dakika akabonyeza kurekodi, akauma midomo yake asije akamsaidia hata kwa silabi moja.

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye bati.

"Kuna mashine," mama akaanza, "inasikiliza wazee. Haisikilizi wanasema nini. Inasikiliza wanavyo... wanavyotafuta maneno. Kuna huyo mama, mwanzo anaongea vizuri, vitu vyake anavijua kwa majina. Baadaye kila kitu ni kile kitu. Mashine imeona. Ila mashine siyo daktari, inabidi apelekwe hospitali." Akavua miwani. "Maskini. Tena ni fundi mwenzangu, umesikia? Anazungumzia mkono wa shati."

"Nimesikia, mama."

"Hana mtoto?"

Dada Dakika alimtazama usoni, akitafuta utani. Hapakuwa na utani.

"Anaye mmoja. Wa kike."

"Basi atakuwa anaishi mbali."

"Hapana, mama. Anakuja kila Jumatano."

"Kila Jumatano!" Mama akasonya, sonyo refu la kuudhika kweli, kama zamani mtu alipomletea kitambaa kilichokatwa vibaya. "Sasa kila Jumatano alikuwa anamsikiliza nini?"

Kisha akagonga meza kwa kidole.

"Hii imepita," akasema. "Itoe."