Mtu wa Mvua Katika Miezi ya Baridi

Mwaka wa pili tangu aache kazi ya reli, Donat alianza tena kuugeukia ukuta. Constance, mkewe, aliijua siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya Mei, upepo wa baridi ulipoingia mtaa wa Kamalondo kwa mara ya kwanza na nyumba zote zikafunga madirisha. Donat alikunywa chai nusu kikombe, akasema, "Nimechoka kidogo," akarudi kitandani. Kidogo hicho kilikuwa sasa na wiki nne.

Mwaka uliotangulia walidhani ni malaria. Muuguzi wa dispansari alimtazama ulimi, akamgonga kifua, akampa kwinini, na kwinini haikumpa kitu ila uchungu mdomoni. Mawingu ya kwanza yalipopanda mwezi wa Septemba, Donat aliamka asubuhi moja akauliza kama kuna samaki. Watu walimshukuru Mungu. Constance naye alishukuru, lakini aliihesabu miezi ile kwa vidole.

Kwa miaka ishirini na minane mumewe alikuwa amesimama mbele ya tanuri la treni akilitilia makaa. Baridi ya Juni aliisikia kwa masikio tu, wengine wakiilalamikia. Sasa hakuwa na homa wala kidonda. Alilala mchana kutwa, hakuoga mpaka aombwe, na juzi alikuwa amesema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Constance, mi naona nilisha kwisha."

Maneno hayo yalimkosesha Constance raha kabisa. Alikuwa amejaribu kila alichokijua: uji wa karanga, mbabula, lile jiko la makaa, kando ya kitanda, rozari, na siku moja, Mungu amsamehe, matusi. Majirani aliwaambia, "Bwana yangu alikwenda Sakania, kwa ndugu yake." Aliona haya. Mwanamume mzima asiye na homa, asiye na msiba, amelala uso ukutani: wangesema amerogwa, au wangesema ni mvivu, na hakujua lipi lingemuuma zaidi.

Siku moja sokoni alikutana na mzee Mulenga, aliyekuwa akiuza kabichi za shamba lake la Naviundu.

"Sakania?" Mulenga alisema. "Sakania iko na baridi kushinda huku! Bwana yako anatafuta nini kule, mama? Ama amepata bibi mwenye blanketi?"

Constance alitaka kucheka. Badala yake akalia, pale pale mbele ya kabichi, akayasema yote.

"Wiki nne," Mulenga alisema alipomaliza. "Na mi mutani yake sina habari."

Hapo ndipo Constance alipoliona kosa lake. Mulenga alikuwa wa ukoo wa Uyoga, na Donat wa ukoo wa Mvua. Bila mvua uyoga hauoti, kwa hiyo tangu enzi za babu zao koo hizo mbili ni watani. Hutukanana bila kukasirika, hunyang'anyana vitu bila kuitana wezi, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humzika huku akimsema vibaya. Mtu aliyepaswa kuitwa kwanza ndiye aliyemficha habari.

Kesho yake, jua lilipoanza kupasha mabati, Mulenga alibisha akiwa na kamba mkononi.

"Hodi! Maiti iko wapi?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akavuta blanketi, akampima Donat kwa kamba toka kisigino hadi utosi.

"Mufupi hivi! Ubao moja itatosha. Bantu ba Mvua, kiangazi ikifika munakauka kama matope. Ile koti ya reli ni yangu. Na mama huyu nitamuoa, maana miye naoga."

Constance alicheka mlangoni, mara ya kwanza tangu Mei. Kisha akangoja. Miaka mingine Donat angekuwa ameshamjibu kabla hajamaliza, kwamba uyoga huota mahali palipooza, na mengine yasiyosemeka mbele ya padri.

Donat aligeuka polepole. "Koti iko pa musumari," alisema. "Kamata. Mi sina kazi nayo tena."

Mulenga alikuwa amekwisha kulishika lile koti, lakini hakulivaa. Aliketi sakafuni, magoti yakilia.

"Hapana vile, Donat," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Bibi yangu alipokufa, weye ulishuka mu shimo ya kaburi, ukalala, ukasema hautoki mpaka nikupe kuku. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Siku ile nilijua sitacheka tena hata kidogo. Na nikacheka. Sasa niambie, nikufanyie nini?"

Donat alilivuta tena blanketi. "Sijui. Naamka, naona siku iko na uzito. Jua inatoka, lakini hainifikie."

"Haitaingia kukutafuta mu kitanda. Jua hapana bibi yako." Mulenga aliinuka kwa kujishika ukutani. "Koti nimekamata. Ukiitaka, uko na miguu. Saa mbili kila asubuhi itakuwa inje, upande wa jua, na miye ndani yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake alikaa nje kwenye kigoda, amevaa koti lililomzidi mabega, akiutukana ukoo wa Mvua kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Majirani walitoka kutazama. Brigitte wa nyumba ya mbele akauliza, "Anamutukana nani? Donat si yuko Sakania?"

Constance alivuta pumzi. "Hakwenda popote. Iko ndani. Ni moyo unaoumwa, baridi ikifika."

Alingoja cheko. Brigitte alisema tu, "Kama mama yangu. Kila Juni. Ungesema, da Constance, ningekuwa naleta supu."

Siku ya nne Donat alitoka, amejifunga blanketi, akaketi kando ya mtani wake bila neno, macho yamefumbwa kwenye jua. Siku ya sita alisema koti limevaliwa vibaya. Wiki iliyofuata Mulenga alimkokota hadi Naviundu.

"Kabichi zangu zinakufa kwa kiu, na Mvua umelala! Beba maji, aibu ya ukoo wako."

Donat alichota maji mtoni na kumwagilia matuta, polepole, akipumzika mara kwa mara. Alirudi nyumbani na tope miguuni, akala ugali wote.

Hakupona siku hiyo. Ziko asubuhi alizougeukia ukuta tena, na Constance alijifunza kutozificha. Alisimama mlangoni akasema, "Leo iko mubaya," na kabla ya saa sita mtu alikuwa ameshaingia: Brigitte na supu, Mulenga na matusi, au mtu yeyote wa kukaa kitandani na kuzungumza juu ya treni.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, majani yakiwa bado mabichi na hakuna aliyefikiria sweta, Donat alioga, akachana nywele, akashika njia ya Naviundu. Constance alimfuata nyuma kidogo. Alimkuta amesimama kati ya matuta, akizungusha kofia mikononi.

"Mulenga," alikuwa akisema, "baridi inakuya. Mi nilisha kuisikia. Safari hii usingoje mama alie sokoni. Tuanze kesho."

Mulenga hakuacha kupalilia. "Kesho saa mbili," alisema. "Na ukichelewa, nakuya na kamba."

"Kuya nayo," Donat alisema. "Tutapima weye. Unazeeka vibaya."

Constance aliketi kwenye nyasi, akavua viatu, akawaacha watukanane.