Kijicho cha Mama Faili

Jumatatu ya pili ya mafunzo ya kompyuta, saa nne kasoro dakika tano, mkufunzi aliwataka makarani wachape barua bila kutazama vibonye. Mama Faili, aliyekuwa ameitunza masjala miaka ishirini na miwili, alidonoa herufi mojamoja kwa kidole cha shahada. Pembeni yake wifi yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale, alichapa huku akitazama nje. Kijicho kikamwingia Mama Faili. Tusidanganyane, kilimwingia hasa, roho ikamuuma hata chai ikamshinda.

Wengine kijicho chao huishia rohoni. Chake kilitokeza Jumatano kwenye ncha ya kidole, kidogo kama kifungo cha shati, na kope zake. Muuguzi wa ofisi alikikagua, akampa dawa ya matone na kumwonya asimenye vitunguu kwa mkono ule.

Tangu hapo kidole kikawa kinajionea herufi chenyewe. Mama Faili akainua kichwa na kuchapa. Kufikia Ijumaa alikuwa amempita wifi yake, na mkufunzi akawa anamtolea mfano. Hata hivyo kijicho hakikufumba. Masjala ilikuwa inafungwa, nafasi ya kompyuta ilikuwa moja, na wifi mtu alikuwa anajiimbia tu, hana hili wala lile. Jioni wifi alirudishwa nyumbani na gari la mkuu wa ofisi, kama kawaida.

Mtihani ulipofanyika, Mama Faili alikuwa wa kwanza. Wifi yake alikuwa wa sita kati ya saba.

Kesho yake mkuu alimpa bahasha isiyofungwa aipeleke utumishi. Kwa mazoea ya masjala, Mama Faili akachomeka kidole ndani kuhesabu kurasa, na safari hii kidole kikasoma. Ilikuwa barua ya kumpa wifi yake nafasi ile, na tarehe yake ilikuwa ya wiki moja kabla ya mafunzo kuanza.

Alirudi akamweleza mkuu alichosoma, na kwa kidole gani. Mkuu hakubisha.

"Mafunzo yalikuwa ya wote, mama," alisema. "Nafasi ndiyo ilikuwa ya mmoja."

Mlangoni akakutana na wifi yake.

"Ulijua?"

"Nilijua, wifi. Ningekuambiaje?"

Ilibaki barua ya kumwachisha kazi Mama Faili. Ilitakiwa kabla ya saa sita, na ofisi nzima hakuna aliyechapa haraka kuliko yeye. Mkuu akamwomba, kwa adabu kabisa. Mama Faili akaketi, akaichapa bila kutazama, pasipo kosa hata moja mpaka kwenye jina lake. Hapo kijicho kilitoa machozi na kidole kikateleza kidogo. Wifi yake akamletea kitambaa; Mama Faili akakipangusa kijicho, akamalizia.

Mkuu akaitia saini bila kuisoma.