Ahadi Isiyokuwa Yake

Wateja wake wa saluni walimwita Redio, na yeye hakuwahi kukasirika. Ukikaa kwenye kiti chake ukainamisha kichwa, ulijua kabisa utasikia habari za Yesu mpaka nywele ziishe, na nywele zenyewe ni za kusuka nusu siku. Alianza mbali. Aliuliza hali ya watoto, akapitia kwenye ndoa, akazungukia kwenye kazi, na kabla hujashtuka uko chini ya msalaba na povu la sabuni bado liko masikioni. Wengine walisinzia, wengine walicheka. Wachache, wale waliokuja na mizigo mizito kuliko nywele zao, walilia palepale kitini, naye aliweka kitana chini akawashika mabega akaomba pamoja nao.

Hakuwa mnafiki. Alimpelekea mgonjwa uji, alimfulia mzazi nguo, alimsuka mjane bure. Hata waliochoshwa na maneno yake waliendelea kurudi, maana walijua siku mambo yakiwaendea kombo atakuwa wa kwanza kugonga mlango.

Aliyemshinda ni mdogo wake wa tumbo moja. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kucheka kwa pua, akiuza vitambaa sokoni, na mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Redio alipoanza tu, Kitinda alinyoosha kidole hewani kama anayebonyeza kitufe. "Dada, zima kwanza, nile." Mumewe naye alikuwa na lake. "Shemeji, huko mbinguni geti lipo? Kama limeshika kutu niambie, nitalitengeneza bei ya ndugu." Wote watatu wakavunjika mbavu, na binti yao mdogo akacheka kwa sababu wakubwa wamecheka.

Redio alicheka nao, lakini kila usiku katika sala aliwataja mdogo wake, shemeji yake na mtoto wao kabla ya kujitaja mwenyewe. Alitamani siku moja mdogo wake amgeukie na kumwambia: Dada, leo nataka kusikia.

Siku hiyo ilikuja, ila ilikuja vibaya.

Mchomeleaji alikuwa juu ya paa la ghala, akiunganisha vyuma, aliposhika bomba ambalo halikuwa limefungwa. Aliangukia kichwa. Vijana aliokuwa akifanya nao kazi walimfikisha hospitali akiwa anapumua lakini hasikii, na madaktari wakamlaza katika wodi ya wagonjwa mahututi, mashine moja ikimpumulia na nyingine ikihesabu mapigo yake.

Redio alifika na aproni ya saluni mwilini. Alimkuta Kitinda amesimama kwenye korido, viatu vya mumewe mkononi, kwa sababu muuguzi alimpa avishike na hakuna aliyemwambia aviweke wapi. Kitinda alipomwona dada yake uso ulimkunjamana kama wa mtoto anayetaka kulia.

"Dada," alisema, "niombee. Mimi sijui pa kuanzia. Nifundishe."

Redio alimkumbatia. Na katikati ya hofu ile, kitu kidogo kikamruka moyoni, kama furaha. Miaka yote ile, na hatimaye mdogo wake ameuliza. Alijiona ametumwa.

Wakapiga magoti kwenye sakafu iliyonuka dawa ya kusafishia. Redio aliomba kwa sauti iliyowafanya walinzi wageuke. Waliporuhusiwa kuingia, alimshika shemeji yake mkono, na kidole kimoja kikacheza. Muuguzi aliwaambia kwa upole kwamba misuli hufanya hivyo yenyewe, wasiweke matumaini hapo. Lakini Redio alikuwa ameshaona. Alimgeukia mdogo wake, macho yakimwaka.

"Atapona," alisema. "Nimehakikishiwa. Atatoka humu kwa miguu yake mwenyewe."

"Una hakika, Dada?"

"Kabisa. Mungu hajawahi kuniangusha."

Kitinda alimwamini. Aliamini kwa nguvu zote, kama mtu aliyeshika kamba asiyekuwa na kingine cha kushika. Tangu hapo alisali asubuhi, alisali akioga, alisali akimnyoa mumewe ndevu pale kitandani. Wauguzi waliguswa naye. Redio alipomwona amefumba macho, midomo ikienda, alikwenda msalani akalia kwa shukrani.

Kisha daktari akamwita Kitinda ofisini. Alikuwa mwanamke mtu mzima, asiyependa kuzungukazunguka, lakini alivuta kiti akakaa karibu naye, siyo nyuma ya meza. Alimwambia ubongo umevimba kupita kiasi na hauonyeshi dalili ya kurudi. Akasema kama kuna ndugu wa mgonjwa walio mbali, waitwe sasa. Kama kuna neno mtu anataka kumwambia, amwambie, hata kama hatujui anasikia kiasi gani. Na mtoto aletwe, maana watoto nao wana haki ya kuaga.

Kitinda alitoka. Redio alikuwa akimsubiri kwenye benchi.

"Wamesema nimwite mama mkwe," Kitinda alisema. "Wamesema nimlete mtoto aje amuage baba yake."

"Kumuaga aende wapi?"

"Dada, daktari amesema..."

"Daktari anasema anachokiona. Sisi hatuendi kwa kuona." Redio alimshika mikono yote miwili. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukimwita yule mama aje kulia hapa, umeshamzika mumeo kwa mdomo wako. Ukimwambia kwaheri, umefunga mlango wewe mwenyewe. Tumefika mbali. Usiyumbe sasa."

Kitinda alitazama mlango wa wodi, akatazama simu yake. Akairudisha simu mkobani.

Mama mkwe, aliyeishi mji wa mbali, aliambiwa mwanawe anaendelea kutibiwa. Mtoto alibaki kwa jirani, akiambiwa baba anakuja. Na Kitinda, aliyekuwa amelala na mwanaume yule kitanda kimoja tangu usichana wake, aliketi kando yake akimweleza habari za wiki ijayo, nguo atakazovaa akitoka, geti la jirani linalomsubiri. Maneno mengine aliyameza. Aliogopa yasije yakaonekana ni mashaka.

Mumewe alikufa alfajiri, Kitinda akiwa amesimama nje ya mlango anaomba.

Mama mkwe alifika siku ya mazishi. Alikuwa mwembamba, wima, amevaa sare ya akina mama wa kanisa lake, maana naye alikuwa mtu wa ibada tangu ujana. Hakupiga kelele. Alisogea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akageuka kwa wafiwa.

"Alilala hospitali siku zote hizo," alisema. "Madaktari hawakujua kama anakufa?"

Alitazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hamkuniita?"

Redio alikuwa amesimama bega kwa bega na mdogo wake. Alifungua mdomo, yule ambaye hakuwahi kukosa neno, na ulimi ukamganda. Alisikia sauti ya Kitinda ikisema, ndogo na kavu: "Ni mimi, mama. Nilidhani atapona."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa macho ambayo Redio hakuyasahau. Kisha akageukia jeneza tena. Kitinda hakumtupia dada yake jicho. Alisogea hatua moja pembeni, basi, pakawa na nafasi ya mtu katikati yao.

Baada ya mazishi mlango wa Kitinda haukufunguka tena kwa Redio. Akipiga hodi, jirani anatoka kusema mwenye nyumba amelala. Akipiga simu, inaita mpaka inakata. Akimfuata sokoni, anamkuta anapimia mteja kitambaa, na Kitinda anaendelea kupima, macho kwenye rula, mpaka dada yake aondoke.

Kule saluni wateja walianza kutaniana. "Leo Redio imeisha betri?" Alitabasamu akaendelea kusuka. Siku moja msichana mmoja, mama yake amelazwa, alimtazama kupitia kioo. "Shangazi, wewe ni mtu wa maombi. Niambie basi, mama atapona?"

Vidole vya Redio vilisimama katikati ya msuko. Jibu la zamani lilikuwa palepale, tamu, tayari.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Msichana aliinamisha kichwa. Machozi yakamtiririka. "Kila mtu ananiambia atapona," alisema, "na kila wakiniambia hivyo naogopa zaidi."

"Umekwenda kumwona leo?"

"Nakwenda jioni."

"Tutakwenda wote. Ukiwa na neno la kumwambia mama yako, mwambie leo. Mimi nitakaa nje." Na ikawa hivyo. Alikaa nje kwenye benchi, mikono mapajani, akimwomba Mungu bila kumwekea Mungu maneno mdomoni. Ndipo alipojua pa kwenda kesho yake.

Alisafiri peke yake hadi kwa mama mkwe wa mdogo wake. Alimkuta kibarazani akichambua mchele kwenye sinia. Yule mama alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya safari, akaendelea kuchambua. Redio hakugusa chai aliyowekewa.

"Mama, siku ile uliuliza mbona hukuitwa. Aliyekujibu alinisitiri. Yeye alitaka kukuita. Simu ilikuwa mkononi. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia nimehakikishiwa na Mungu kwamba mwanao atapona, na kukuita ni kukosa imani."

Mikono ya yule mama ilisimama juu ya sinia.

"Ulihakikishiwa?"

"Hapana, mama. Nilitaka. Nilitaka sana, nikasema ni Yeye."

Kuku walipita kibarazani, wakadonoa punje zilizoanguka, na hakuna aliyewafukuza.

"Unajua," mama yule alisema mwishowe, "na mimi ningeomba apone. Ningekesha. Ningemlilia Mungu kuliko wewe, maana nimemzaa mimi. Lakini ningemshika mkono. Umeelewa, binti? Ningeomba huku nimemshika mkono."

Redio aliteleza kutoka kwenye kiti hadi chini, akalia, kipaji cha uso kimegusa saruji. Hakuna mkono uliomgusa. Alipoweza kusema aliomba msamaha, kwa maneno machache, bila kutia kisingizio.

"Nimekusikia," alisema mama. "Mungu wetu ni mmoja, na najua anataka nikujibu nini. Ila leo siwezi. Inuka, unywe chai yako, uende. Siku nikiweza nitakutumia neno." Kisha, Redio akiwa ameshafika njiani, akamwita. "Na yule mkwe wangu. Nimemtazama vibaya bure. Nitampigia mwenyewe."

Jumapili iliyofuata, mchana, simu ya Redio iliita. Ilikuwa Kitinda. "Njoo," alisema, akakata.

Nyumba ilikuwa na harufu ya vyombo visivyooshwa. Kitinda alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Redio aliweka mkoba chini. Alikunja mikono ya gauni, akasimama kwenye karo, akaanza kuosha. Kitinda alichukua kitambaa, akawa anapangusa. Sufuria kadhaa zikapita kati yao.

"Mama mkwe amenipigia," Kitinda alisema. "Ameniomba msamaha. Mimi! Nimelia mpaka nimetapika."

"Ulinifichia aibu yangu. Nilipaswa kusema siku ileile."

"Ndiyo. Ulipaswa." Alipangusa sahani iliyokwisha kukauka. "Dada, nikuulize, na usinihubirie. Pale wodini, ulikuwa unajua kweli?"

"Hapana. Nilikuwa natamani."

"Si ungesema unatamani?" Sauti ya Kitinda ilipasuka. "Ungeniambia, mdogo wangu, sijui, ila natamani. Tungetamani pamoja! Ningemwambia mume wangu kila kitu. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, Dada. Niliyabana hapa kooni ili yasiharibu muujiza wako. Bado yapo. Nitamwambia nani?"

Redio aliacha maji yatiririke. "Nisamehe," alisema. "Sina lingine."

"Sijui kama nimekusamehe. Nimekukumbuka tu. Nimechoka kukaa peke yangu na hasira." Kitinda alijifuta macho kwa kile kitambaa chenye majimaji. "Na huyo Mungu wako, mimi na Yeye hatusemezani. Nisikufiche. Nilimwomba kwa moyo wangu wote, mara ya kwanza maishani."

Kila kitu ndani ya Redio kilitaka kujibu. Alijua la kusema. Alikuwa amewaambia mamia ya watu. Alifunga bomba.

"Nimekusikia," alisema.

Walipika wali na mboga, wakakaa mezani watatu, mtoto katikati. Mtoto alichukua kijiko, kisha akakiweka chini, akamtazama mgeni wake.

"Mama mkubwa, husali leo?"

Redio alimtazama mdogo wake. Kitinda alikuwa akiikodolea macho sahani. Alisema bila kuyainua:

"Sali. Fupi. Na usiahidi kitu."

Redio alifumba macho. Alitafuta maneno yaliyozoea kumjia kama maji, akaona ni machache tu anayoweza kuyaapia. "Mungu," alisema, "asante kwa chakula hiki. Tunamkumbuka sana baba wa mtoto huyu. Tunaumia. Kaa nasi." Sauti ikamkatika hapo, na hakuilazimisha iendelee.

Kitinda hakuitikia. Mikono yake ilikuwa mapajani, wazi, na machozi yakidondokea viganjani. Aliyesema amina ni mtoto, kwa sauti kubwa, kisha akaomba apewe chumvi.