Hatua za Wabeba Mtakatifu

Uji wa mahindi ulikuwa unaungua, lakini Petrona hakuugeukia. Alikuwa anamsukuma mumewe mgongoni. "Nenda, baba Tecla! Wa kwanza kujitolea hashukiwi."

Uwanja wa kanisa la kijiji cha Xecotoj ulikuwa tope tupu. Luteni wa jeshi alikuwa amesema kujiunga na mgambo ni hiari, ila asiyetaka ni mtu wa waasi wa mlimani. Jumapili iliyopita jirani yao Macario alichelewa kujitokeza. Alikuwa anatafuta kiatu. Kiatu kimepatikana. Macario hajapatikana.

Ambrosio, mume wa Petrona, akatangulia, na wenzake saba nyuma, wote wabeba sanamu ya mtakatifu wa kijiji siku za sikukuu. Wakapewa fimbo badala ya bunduki.

"Tembea!"

Wakatembea. Mabega sawa, mguu mmoja. Miaka kumi na miwili wamebeba ile machela nzito; ukikosea hatua, unamwangusha mtakatifu.

"Umewaona wanaume?" Petrona akamnong'oneza jirani.

"Simama!" Luteni alikuwa amekunja uso. "Kwata mmefundishwa na nani?"

"Hakuna, mkuu," akasema Ambrosio. "Ndivyo tunavyombeba mtakatifu."

"Kumbe mtakatifu anapiga kwata!" Askari wakacheka. "Wakulima hawaendi hivi. Hawa wameshapita kambini huko mlimani. Na wewe, haraka ya kuingia mgambo wangu ilikuwa ya nini?"

Petrona akamvamia Cipriano, mjumbe wa jeshi pale kijijini. "Shemeji, sema basi! Si wewe unayewapigia ngoma kila sikukuu?"

Cipriano akatazama kofia yake. "Ngoma siku hizi sipigi."

"Mwezi uliopita ulipiga!"

"Mama Tecla, usinitie matatani."

"Anayebaki nyuma mwasi, anayetangulia mwasi! Mtu asimame wapi?"

"Hapo hapo ulipo, mama," akasema Luteni. "Tunamuuliza maswali mawili matatu tu." Ambrosio akapandishwa lori.

Wiki ya tatu, sikukuu ikafika. Wabebaji walikuwa saba. Mbele kulia, mahali pa Ambrosio, hapakuwa na bega. Ngoma hakuna. Huyu akaenda kushoto, yule kulia, mwingine akasimama makusudi. Mtakatifu akayumba kama mlevi, akagonga mlango wa kanisa. Mkono wake wa kubariki ukakatika, ukadondoka topeni karibu na miguu ya Petrona.

Hakuna aliyeinama kuuokota.

Luteni akapiga makofi. "Naam! Hao sasa ndio wakulima."