Seva Iliyojaa Siku ya Shangazi Kuaga

Seva ya redio ilikaa kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya mafagio, na mpaka leo fagio moja lilikuwa limesimama pembeni bila mwenyewe. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye beseni. Humo ndani, mchana huo, Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamemtoka pima, akisoma kwenye kompyuta maneno ambayo asingemwombea hata adui yake: diski imejaa, rekodi haiwezi kuanza.

Fundi ni jina alilopewa siku ya kwanza kazini, na wote walishasahau lile walilompa wazazi wake. Hata mama yake alimwita hivyo wakiwa kazini, maana mama yake naye alikuwa hapo hapo. Mama ndiye aliyekuwa Shangazi wa kipindi cha alasiri, yule ambaye watu humpigia simu kumweleza shida za ndoa, za majirani na za wakwe, naye akawashauri hewani. Leo alikuwa anaaga. Miaka yote aliyotangaza alikataa katakata kurekodiwa. "Shida ya mtu si nguo ya kuanika," alikuwa akisema, na mjadala ukaishia hapo. Kipindi kilikwenda hewani, kikasikika, kikapotea.

Sasa kulikuwa na Baba. Baba aliendesha mashine ya kupasua mbao, masikio yamezibwa, saa zile zile ambazo mkewe alikuwa hewani. Mji mzima ulimjua Shangazi, yeye peke yake hakuwahi kumsikia hata dakika moja. Juzi, akivua viatu mlangoni, alimwambia binti yake, "Mwanangu, nirekodie hicho cha mwisho. Nisije nikafa watu bado wananihadithia mke wangu." Mama akanuna, akanung'unika, akagombana na sufuria, mwishowe akasema haya, hicho kimoja tu. Fundi akaahidi. Na kipindi kilikuwa kinaanza saa tisa.

Nafasi iliyobaki kwenye diski ilitosha kurekodi kikohozi.

Fundi akakimbilia chumba cha habari, akapanda juu ya kiti. "Jamani, seva imejaa. Kila mtu afungue folda zake afute asivyovihitaji. Sasa hivi, si kesho."

Kufuta ni neno jepesi ukiwa unamwambia mwenzako. Watu wakatazamana kana kwamba wameambiwa wachague mtoto wa kutupa. Wa kwanza kulalamika alikuwa Goli, mtangazaji wa michezo, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitangaza kila kitu kama goli, hata chai ikiletwa. Fundi akamsogelea, akafungua folda yake. Kulikuwa na faili linaloitwa Fainali ya Mwisho, lingine Fainali ya Mwisho Kabisa, na lingine Fainali ya Mwisho Sasa Kweli.

"Hizi zote ni mechi moja," Fundi alisema.

"Dada, hujui mpira. Kwenye hii ya pili nimepumua vizuri zaidi."

"Na hii saa nzima ya kelele za watu?"

"Hao ni mashabiki wakisubiri mvua iishe. Ile mvua haitanyesha tena, Fundi!"

Mkurugenzi akatoka ofisini kwake, tai imepinda, akaunga mkono zoezi zima kwa maneno mengi. Yeye mwenyewe alikuwa na hotuba zake za mazoezi, zote, pamoja na zile alizokuwa akikohoa. "Lakini tufuate kanuni," alisema, akinyooshea kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: AKIBA KWANZA. Kanuni hiyo aliibandika mwenyewe baada ya Goli kufuta kwa bahati mbaya muziki wa kufungulia taarifa ya habari, ikambidi Mkurugenzi aingie studio kila saa kuuimba kwa mdomo, parapapaa, mpaka muziki mwingine ulipopatikana. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kufuta kitu bila kuweka nakala yake kwanza.

Basi wakaanza kazi. Chumba kikajaa sauti za vitufe. Mhasibu alifumba macho akibonyeza, kama mtu anayechomwa sindano. Goli alisema "kwaheri" kwa kila faili. Fundi akarudi stoo moyo umetulia, akakaa kwenye ndoo, akatazama.

Nafasi ilikuwa imepungua. Sasa hata kikohozi kisingeingia.

Akafuta miwani, akatazama tena. Akazima kompyuta ya kuangalizia, akaiwasha. Akatoka, akawahimiza wafute zaidi. Wakafuta zaidi, kwa moyo mmoja, jasho likiwatoka, na nafasi ikazidi kuyeyuka. Fundi hakuamini mashetani, lakini kwa mara ya kwanza alilitazama lile fagio kwa wasiwasi.

Aliporudi chumba cha habari safari hii alisimama nyuma ya Goli, akamtazama anavyofanya. Goli alichukua faili, akatengeneza nakala, akaiweka kwenye folda mpya aliyoiita Vitu Nilivyofuta. Akatengeneza nakala ya pili, kwa usalama. Halafu akalitazama faili lenyewe kwa huruma, akaliacha kwanza.

"Goli. Hiyo folda mpya iko wapi?"

"Kwenye seva. Kwani kuna mahali pengine?"

Fundi akazunguka chumba kizima. Mhasibu, hivyo hivyo. Mpokea simu, hivyo hivyo. Mkurugenzi alikuwa na nakala tatu za hotuba aliyokuwa anataka kuondokana nayo, na alionekana kujivunia.

"Jamani!" Fundi alipaza sauti mpaka mpokea simu akadondosha simu. "Seva imejaa, na nyinyi mnaweka akiba humo humo kwenye seva? Watu wazima na akili zenu? Mtu anahama chumba hiki anapeleka vitu chumba kile, na huku hajatoa hata kijiko! Nani kawafundisha hivi?"

Wakainamisha vichwa kama watoto. Fundi, lazima tuseme ukweli, alifurahia kidogo. Si kila siku mtu wa stoo anamgombeza Mkurugenzi.

Nakala zikafutwa kweli, na baadhi ya mafaili yenyewe. Ikapatikana nafasi, ila ya robo kipindi tu. Mama alikuwa ameshafika, kajifunga kitambaa chake kizuri kichwani, akachungulia mlangoni mwa stoo.

"We Fundi, vipi, imekubali?"

"Bado kidogo, Mama."

"Baba yako asubuhi kaniuliza mara mbili. Kanyoa na ndevu, sijui anadhani redio inamwona." Alisema kwa ukali, lakini alikuwa anazungusha pete yake kidoleni, na Fundi aliiona. Akaona aibu. Mama naye alitaka kusikilizwa, na hakuwa mtu wa kulisema hilo.

Akafanya kile ambacho angepaswa kufanya tangu mwanzo. Aliiambia seva ipange folda zote kwa ukubwa, kubwa zaidi juu. Goli, Mkurugenzi na wengine walikuwa wamejibana nyuma yake, kila mmoja akiomba kimoyomoyo isiwe yake.

Haikuwa ya yeyote kati yao. Folda iliyotokea juu, kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa, iliitwa Akiba ya Fundi.

Maji yakadondoka kwenye beseni.

"Ifungue basi," Goli alisema kwa upole wa kutisha.

Fundi akaifungua huku kijasho chembamba kikimtoka. Alikumbuka vizuri. Mwaka aliopokelewa kazini alitengeneza programu ndogo, fahari yake, ya kunakili seva nzima kila siku na kuiweka kwenye folda hiyo. Seva nzima. Na folda hiyo nayo ilikuwa kwenye seva. Kwa hiyo kila siku programu ilinakili vitu vyote pamoja na akiba ya jana, ambayo ndani yake ilikuwa na akiba ya juzi.

"Akiba," Mkurugenzi alisoma, miwani puani. "Ndani yake Akiba. Ndani yake Akiba. Ndani yake tena..."

"Goooooli!" Goli akapiga magoti sakafuni, mikono juu. Mhasibu akavunjika mbavu. Mpokea simu alicheka mpaka akashikilia fagio.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze na ndoo yake. Akapiga moyo konde. "Sawa. Ni mimi. Nimewagombeza bure, naomba radhi. Sasa naifuta."

"Subiri!" Mkurugenzi akainua kidole. "Kanuni. Tuweke akiba yake kwanza."

Wote wakageuka wakamtazama. Hata yeye alisikia alichosema, lakini mtu akishabandika karatasi ukutani hurudi nyuma kwa shida. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Ndipo Mama alipopenya katikati yao, vipokea sauti vikimning'inia shingoni.

"Fundi. Futa."

"Lakini Shangazi, kanuni..." Mkurugenzi alianza.

"Mwanangu, nimesema futa."

Fundi akabonyeza. Mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ukatokea, ukatambaa kivivu. Mama akaingia studio, taa nyekundu ikawaka, muziki wa kipindi ukaanza. Fundi alikodolea mstari macho, roho mkononi. Muziki ukaisha. Mama akaanza kusalimia. Mstari ukafika mwisho, Fundi akabonyeza kurekodi, na safari hii seva ikakubali. Salamu za mwanzo zilikuwa zimeshapotea, lakini mengine yote yakaingia.

Kipindi kilikwenda vizuri. Watu walipiga simu kumuaga, wengine wakalia. Katikati akapiga bwana mmoja mwenye sauti ya puani: "Shangazi, ofisini tuna mwenzetu anatulaumu kwa kosa ambalo kumbe ni lake. Tumfanyeje?" Akichungulia mlangoni mwa stoo, Fundi alimwona Goli ukumbini, simu sikioni, kajibana pua.

"Pole sana, mpendwa," alijibu Mama. "Mpikieni chai. Na wewe, ukishamaliza kumcheka, futa ile mvua yako."

Jioni Baba alikataa hata kuoga. Alikaa sebuleni na vumbi la mbao kwenye nyusi, ndevu zimenyolewa vizuri, kompyuta ya Fundi juu ya kigoda mbele yake. Mama alikimbilia jikoni. "Mimi simo," alisema, akaanza kugonga sufuria ovyo.

Fundi akachomeka flashi. Sauti ikatoka: "...vuteni viti, wapendwa wangu. Tuongee taratibu, hakuna anayetukimbiza."

Baba akamtazama binti yake. "Umeleta faili la mtu mwingine."

"Ni Mama, Baba."

"Mama yupi?"

Akasikiliza. Kila Shangazi aliposema "pole, nakusikia", aliinua kidole irudishwe nyuma, akasikiliza tena, mdomo wazi. Macho yalikuwa yamemlegea. Mwishowe akauliza kwa sauti ya kufika jikoni:

"Na huyu mama, ana mume?"

Sufuria zikanyamaza. Kisha ikaja sauti ile ile ya redio, laini, ambayo nyumba hiyo haikuwahi kuisikia ikitoka jikoni:

"Anaye, mpendwa msikilizaji. Ila hajawahi kupiga simu."

Baba akatoa simu mfukoni, akapuliza vumbi, akabonyeza. Jikoni simu ikalia, ikalia, ikapokewa.

"Haloo, karibu hewani. Una shida gani?"

Baba aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nimechelewa, Shangazi."

Fundi akasimamisha rekodi ili asikie jibu.

"Hujachelewa sana," alisema Mama. "Kaoge, uje tule."