Uzi wa Kijani Ndani ya Mfuko

Katika karakana yetu ya kushona sare za shule, hapa Kaloleni nyuma ya ukumbi, uzi wa mtu haushikwi na mwingine. Bwana Opicho, mwenye karakana, humpa kila fundi rangi yake siku anapomwajiri. Ukimaliza sehemu yako ya shati, unashona msalaba mdogo kwa rangi hiyo mahali pasipoonekana, ili shati likirudishwa ijulikane nani wa kuulizwa. Muhonja, anayeshona kola, ana uzi mwekundu. Shosho Waruguru, bibi mzee wa matundu ya vifungo, ana wa samawati. Luseno hana rangi kwa sababu yeye hukata vitambaa tu, na hupenda kusema kwamba kazi ya Mungu na yake hazihitaji sahihi. Shosho humtupia kipande cha chaki kila anaposema hivyo.

Mimi hushona mifuko. Uzi wangu ni wa kijani, na msalaba wangu hukaa ndani, chini kabisa, pale mtoto anapoficha peremende.

Nilikuja na cheti cha ushonaji kutoka chuoni, na sauti ndogo kuliko sindano. Jina langu ni Ndinda, lakini Muhonja aliniita Koleji tangu siku ya kwanza.

"Niaje, Koleji? Umenisalimia ama umepumua tu?"

Nilicheka, lakini kimoyomoyo. Saa ya chai nilikaa na kikombe changu karibu na dirisha, nikiwasikiliza wakitaniana. Nilidhani wananiona kama kiti kilichowekwa pale: hakisumbui, wala hakitafutwi.

Kisha ikaja ile oda kubwa ya Januari. Bwana Opicho alisimama mlangoni akasema kwamba shule zikishafunguliwa kazi itapungua, naye hatabaki na mafundi wote. "Atakayeshindwa kumaliza fungu lake kabla ya kufungua, asijisumbue kurudi." Hakumtaja mtu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikichelewa, maana nilipima kila mfuko mara mbili. Nyumbani Huruma tulikuwa wawili, mimi na mama, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha.

Wiki hiyo hiyo mifereji ya jengo letu ikakauka. Mama alishuka kuteka maji, na alipokuwa akipanda na mtungi, akateleza kwenye ngazi. Akavunjika nyonga.

Hospitalini wagonjwa walikuwa wengi kuliko wauguzi, na mama hakuweza hata kugeuka bila mtu. Nilimwandikia Muhonja kwenye simu: "Mama ameanguka. Siwezi kuja." Niliongeza, "Tafadhali nisaidieni," nikalitazama neno hilo, nikalifuta. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Sawa."

Nililichukua kama kwaheri.

Siku zikapita. Mama alipoweza kuketi, jirani yetu Everline akajitolea kushinda naye, nami nikaenda Kaloleni kuchukua mkasi wangu. Shule zilikuwa zikifunguliwa keshokutwa. Njia nzima nilipanga maneno: habari zenu, nimekuja kwa mkasi, asanteni, kwaherini.

Meza yangu ilikuwa tupu. Fungu langu halikuwapo. Nikajua limepewa mwingine.

"Koleji!" Muhonja aliinuka. "Mama anaendeleaje?"

"Anaketi sasa."

"Bwana asifiwe. Na wewe umekonda kama ufagio. Umekula?"

Nilitikisa kichwa, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi. Ndipo nikayaona mashati kwenye kona, yamefungwa tayari kupelekwa. Yote yalikuwa na mifuko. Nikaingiza vidole ndani ya mfuko mmoja, nikaugeuza nje.

Msalaba wa kijani.

Nikageuza wa pili, na wa tatu. Kijani, kijani. Lakini ile misalaba haikuwa yangu. Mmoja ulikuwa mdogo na mgumu, umebanwa kama tundu la kifungo: huo ni mkono wa Shosho Waruguru. Mwingine ulilala upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza mlangoni: huo ni Muhonja, maana yeye hutumia mkono wa kushoto. Na mwingine ulikuwa mkubwa na wa kuchekesha, kama alama ya mtu asiyejua kusoma. Nilimtazama Luseno. Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Sindano yako ina kisirani."

"Bwana Opicho hakujua?"

Wakaangua kicheko. Muhonja akaigiza sauti nzito ya bosi: "'Ndinda yuko wapi?' Nami namwambia, ameenda kununua vifungo. Kesho yake, 'Ndinda yuko wapi?' Ameenda kununua vifungo. Akasema, 'Huyu msichana anafungua duka?' Shosho akamjibu, 'Mzee, shati bila vifungo ni leso.'"

Nilifungua mdomo kuwashukuru. Nikaishia kuurudisha mfuko ndani na kuutoa tena. Shosho Waruguru aliniona, akashusha miwani yake.

"Hatukushona ili tupewe asante, mtoto. Keti uwashe cherehani. Kuna kaptura za kuwekwa mifuko."

Jioni, nilipokuwa nikimlisha mama uji, nilimsimulia yote. Akasahau kumeza.

"Umewashukuru?"

"Sijaweza, mama."

"Hata ulipozaliwa hukulia," akasema. "Mkunga alikupiga kofi, ukamtazama tu. Lakini njia utaipata."

Shule zilipofunguliwa, Bwana Opicho aliingia na shati mkononi. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa amelirudisha. Alilining'iniza mbele yetu. Mfuko ulikuwa umeshonwa kifuani upande wa kulia.

Tukasimamisha cherehani.

"Shule nzima mifuko iko kushoto," akasema, "na mtoto mmoja ana wake huku. Kazi ya nani hii?" Akaugeuza mfuko, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Kijani."

Hata nilipokuwa nimeketi niliuona ule msalaba. Ulikuwa umelala kushoto. Muhonja, kwa uchovu wa kufanya kazi za watu wawili, alikuwa ameuweka mfuko pale mkono wake mwenyewe ungeutafuta. Nikamwona akiinuka kitini, mdomo ukifunguka. Akisema, itajulikana kwamba watatu wote walimdanganya bosi. Nikinyamaza, atasema.

"Ni mimi, Bwana Opicho."

Sauti ilitoka kubwa hadi nikashtuka. Luseno akaangusha rula.

Bwana Opicho alinitazama. "Kumbe una sauti. Ulikuwa umeificha wapi?"

"Ni kosa langu. Uzi ni wangu."

Akalishika lile shati, akalibandika kifuani kwake. Akajaribu kuingiza mkono wa kulia mfukoni, kiwiko kikakunjika vibaya. Akajaribu wa kushoto. Ukaingia wenyewe, bila taabu. Akabaki hivyo kidogo, mkono mfukoni, kama anayetafuta kitu. Kisha akamtazama Muhonja, aliyekuwa ameshika mkasi kwa mkono wa kushoto.

"Ndinda."

"Naam."

"Hii ni ya zile siku ulizokuwa ukinunua vifungo."

"Ndiyo."

"Hm." Akakohoa, akaweka shati juu ya meza yangu. "Rekebisha. Na huyo pepo wa mashoto aliyekuingia, mwambie apumzike, amefanya kazi sana." Alipofika mlangoni akageuka. "Kuna sare za kwaya zinakuja Jumatatu. Wote mfike mapema. Wote."

Mlango ulipofungwa, Muhonja alinijia mbio.

"Wewe Koleji una wazimu? Na angekufukuza?"

"Lilikuwa na uzi wangu."

"Niliushona mimi!"

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana."

Akanitazama. Macho yake yakajaa, akayafuta kwa mkono wa blauzi, akanitusi kidogo kwa Kimaragoli, kisha akavuta kiti chake hadi kwenye meza yangu. Alilinyoosha shati huku mimi nikifumua mfuko, uzi mmoja mmoja, nisije nikakichana kitambaa. Tukauhamishia kushoto.

Shosho Waruguru alikuja na chai yangu. Hakuiacha dirishani, aliiweka mezani, katikati yetu. Akainama, akachungulia ndani ya mfuko.

"Na huu msalaba uliopinda, hufumui?"

"Hapana, Shosho," nikamwambia. "Huo umeshonwa vizuri."